NAS Inawaka Lakini Haiamki: Mwongozo Kamili wa Kuifufua Bila Kupoteza Data

"Fundi, lile boksi la data limekufa." Simu nyingi huanza hivyo. Nikiuliza limekufaje, najibiwa kwamba taa inawaka na feni inazunguka. Basi halijafa. Limewaka, ila halijaamka, na tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayokuokolea pesa. NAS isiyowaka kabisa ina ugonjwa wake, inayowaka bila kuamka ina wake, na iliyoamka lakini haionekani kwenye mtandao mara nyingi haiumwi chochote.

Kwa aliye na boksi lakini hajui jina lake: NAS ni kikompyuta kidogo chenye diski mbili, nne au zaidi. Huchomekwa kwenye ruta, kikahifadhi mafaili ya nyumba nzima, iwe picha, video za harusi, hesabu za duka au rekodi za kamera za ulinzi. Mwongozo huu nimeujenga juu ya NAS za kampuni ya Synology kwa kuwa ndizo ninazozifungua zaidi. QNAP, Asustor na TerraMaster hufuata mantiki ileile, na pale zinapoachana nitasema.

Kabla hujashika bisibisi

Boksi utapata jingine. Picha za mtoto akianza kutembea hutazipata. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa ili diski ziguswe mwisho kabisa, na zikiguswa zisiandikwe kitu.

Kosa linaloniumiza kuliko yote ni hili: mtu anachomoa diski ya NAS, anaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, na Windows inamwambia diski haijaandaliwa, je, iandaliwe au ifomatiwe? Anabonyeza ndiyo. Windows haielewi mpangilio wa Linux (mfumo endeshi wa NAS) uliomo kwenye diski hizo, kwa hiyo huiona diski iliyojaa kama diski tupu. Jibu ni hapana, siku zote.

Pia usikimbilie kitundu cha kureseti kwa pini, wala usichanganye diski. Chukua tepu ya karatasi na kalamu, andika namba kwenye kila diski kufuata nafasi yake, kuanzia kushoto, kisha piga picha kwa simu. Na ukiona unaizima na kuiwasha mara ya tano ukitumaini itabadilika, iache kwanza. Diski inayokaribia kufa huumia zaidi kila inapoanza kuzunguka.

Je, kweli haijaamka?

Anza na maswali ya bure. Umeme ulikatika? NAS nyingi zina mpangilio wa kuamua kama mashine ijiwashe yenyewe umeme ukirudi au ikae ikisubiri kitufe. Kwenye Synology umo sehemu ya vifaa na umeme katika paneli ya mipangilio. Ukiwa umezimwa, mashine itakaa kimya mpaka mtu aibonyeze, na nimeshalipwa nauli ya kwenda kubonyeza kitufe.

Umebadilisha ruta hivi karibuni? Hapa ndipo faiba imeleta vituko. Ruta ya zamani ilikuwa ikigawa anwani zinazoanza na 192.168.1, fundi wa intaneti amekuja na ruta mpya, na nyingi za Huawei hugawa zinazoanza na 192.168.100. NAS iliyopewa anwani ya kudumu inabaki kwenye mtaa wa zamani. Imeamka na iko salama, ila hakuna anayeiona. Kagua taa za pale kebo ya mtandao inapoingia: kama zinameta na mashine ilishatoa mlio wake wa kumaliza kuwaka, tatizo ni la mtandao. Fungua find.synology.com ukiwa kwenye mtandao uleule, au tumia programu ya Synology Assistant. Kwa QNAP, tumia Qfinder Pro. Programu hizi mara nyingi huipata mashine hata ikiwa kwenye anwani ngeni, nawe utabadilisha anwani kutoka humo. Jaribu kebo nyingine na tundu jingine la ruta pia, maana kebo hutafunwa na panya, na kwenye plagi kile kidole cha plastiki huvunjika ikawa inashika na kuachia.

Mwisho, umeipa muda? Kama umeme ulikatika ghafla, mashine inaweza kukagua mafaili kabla ya kufungua mlango, na diski kubwa huchukua muda mrefu. Kama ilikuwa katikati ya kujisasisha, pia iache. Ukisikia diski zinafanya kazi, ule mkwaruzo wa chini chini unaobadilika-badilika, mashine iko kazini. Iache, ukanywe chai.

Soma taa, sikiliza mlio

Synology yenye afya huwaka hivi: taa ya kitufe cha umeme inapepesa buluu, diski zinaanza kuzunguka, kisha baada ya dakika kadhaa unasikia mlio mmoja mfupi. Hapo taa ya buluu inatulia na taa ya hali inageuka kijani. Mlio huo ndio salamu yake, kama hujausikia, haijaamka.

Taa ya buluu ikipepesa bila kikomo, pasipo mlio, mashine imekwama njiani, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hali hiyo. Taa ya buluu ikitulia huku taa ya hali ikipepesa rangi ya chungwa, mashine imeamka lakini ina lalamiko: mfumo haujasakinishwa, au kundi la diski limepungukiwa. Hiyo ni habari njema kuliko inavyoonekana, kwa sababu ubao mama umepona. Taa ya diski moja ikiwa chungwa, inakuonyesha mgonjwa kwa kidole. Na pasipo taa yoyote, feni isizunguke, nenda moja kwa moja kwenye umeme.

Umeme

Ningekuwa na haki ya kukagua kitu kimoja tu kabla ya kumjibu mteja, ningekagua adapta. Kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Adapta inaweza kuandikwa inapokea volti 100 hadi 240, lakini ule msukumo wa umeme kurudi hauheshimu maandishi. Kapasita zilizomo ndani huchoka taratibu, na siku moja adapta inabaki na volti zake lakini haina nguvu.

Hapo lazima nimtaje shemeji yangu mwenye studio ya picha. Alinipigia akisema diski zote mbili zimekufa siku moja, zinalia tik, tik, tik. Nilipofika nikaona waya mwembamba nyuma ya mashine.

"Shemeji, hii chaja umeitoa wapi?"

"Ya ruta ile ya zamani. Ile yake iliungua. Si zote ni volti kumi na mbili?"

Ni kweli, volti 12 zote. Lakini ya ruta ilikuwa ya ampea 2, yaani wati 24. Diski ya inchi 3.5 peke yake, katika sekunde zile za kwanza za kuanza kuzunguka, inaweza kuvuta karibu ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Diski zake mbili zingehitaji takriban wati 48, bado ubao mama na feni. Ndiyo maana mashine nyingi za diski mbili hutoka kiwandani na adapta ya wati 60, yaani volti 12 kwa ampea 5, na za diski nne, kama DS920+, hutoka na ya wati 100, volti 12 kwa ampea 8.33. Ule mlio wa tik tik ulikuwa diski zikijaribu kuzunguka, zikakosa nguvu, zikaanguka, zikajaribu tena. Tuliazima adapta sahihi na studio ikafunguliwa siku ileile.

Upimaji wenyewe ni mwepisi. Weka multimita kwenye volti za DC, alama ya 20. Adapta ikiwa imechomekwa ukutani lakini haijaunganishwa na NAS, pima kwenye ncha. Unatafuta kati ya 11.4 na 12.6. Ikisoma 9, au namba zinacheza-cheza, imekwisha. Lakini ikisoma 12.1 safi usisherehekee, kwa sababu hapo haijabeba mzigo. Mtihani wa kweli ni kuazima adapta nyingine yenye volti hizohizo na ampea sawa au zaidi. Ampea zikizidi hakuna ubaya, mashine huvuta inachohitaji. Volti zikizidi utaiunguza.

Ukinunua mpya, iwe Kariakoo au Luthuli, nenda na ile ya zamani mkononi. Adapta za mashine za diski nne mara nyingi zina plagi ya pini nne, na pini nne za adapta moja si lazima zipangwe kama za nyingine, ingawa plagi inaingia vizuri kabisa. Muuzaji akikwambia "hii inaingia hii", mwambie apime mbele yako pini ipi ni chanya na ipi ni hasi, ulinganishe na ile ya zamani.

Mashine kubwa kama DS1515+ zina ugavi wa umeme ndani ya boksi. Ukiufikia, utaona plagi pana yenye waya nyingi za rangi. Uchomoe kwenye ubao, kisha unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, halafu chomeka ukutani. Feni yake ikizunguka, pima: njano itoe volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Isipozunguka, badilisha ugavi mzima. Usifungue kile kisanduku chake cha chuma hata ukiwa umekichomoa, kapasita za upande wa ukutani hubaki na chaji ya kukurusha.

Ukiwa umeshafungua, mulika tochi. Nimekuta mjusi kafiri aliyekaukia juu ya ubao, nimekuta siafu, na kwa wenzetu wa pwani nimekuta kutu ya kijani kwenye miguu ya vipuri kwa sababu ya hewa ya chumvi. Brashi laini na spiriti safi ya kupangusa, isopropili, hufanya maajabu. Acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha.

Iwashe ikiwa tupu

Umeme ukiwa sawa na bado haiamki, fanya jaribio linalogawa tatizo vipande viwili. Izime, chomoa umeme, toa diski zote zikiwa zimeshawekwa namba. Chomoa kila kilichochomekwa USB, iwe flashi, printa, waya wa UPS (betri ya akiba umeme ukikatika) au diski ya nje. Kama uliwahi kuongeza RAM (kumbukumbu ya kazi ya mashine), itoe pia, ibaki ile iliyotoka nayo dukani. Kisha iwashe na usubiri dakika 10 kwa saa, usikisie.

Ikitoa mlio na taa ya buluu ikatulia, ubao mama ni mzima. Mashine hizi zina kumbukumbu ndogo ndani yenye mfumo wa kuanzia, kwa hiyo huamka bila diski na kulalamika tu kwamba hakuna diski. Ikiendelea kupepesa bila mlio, ugonjwa uko kwenye boksi, na diski zako kwa uwezekano mkubwa ni salama.

Usirukie hitimisho la haraka katika ule upande wa kwanza, hata mafundi wamenaswa hapo. Mashine inayoamka ikiwa tupu na kukwama ikiwa na diski inaweza kuwa na diski mbovu, lakini pia inaweza kuwa na adapta dhaifu kama ya shemeji. Na njia wanayoitumia wengi kuthibitisha, ya kurudisha diski zako moja moja huku mashine inawaka, ina hatari yake. Kundi la RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) likiwaka na diski pungufu, mashine huandika kwamba diski fulani haipo. Ukiirudisha baadaye itaonekana ya zamani, nawe utalazimika kulijenga kundi upya, jambo linalozichosha diski zote kwa saa nyingi.

Tafuta badala yake diski ya majaribio: diski yoyote ya zamani ya SATA isiyo na kitu cha maana, na ukipata mbili ni bora zaidi. Ziingize kwenye nafasi tofauti, uwashe. Ikiamka na diski mbili za majaribio, adapta na nafasi ulizozijaribu zimefaulu kwa mzigo huo, lawama inahamia zaidi kwenye diski zako. Ikikwama hata na hizo, rudi kwenye umeme. Ikikwama pale nafasi ya tatu tu inapotumika, umeipata nafasi mbovu.

Haiamki hata ikiwa tupu

Anza na RAM. Itoe, sugua miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa, irudishe mpaka ibane. Hatua hii ya kitoto imefufua mashine nyingi kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya wateja. Kuna mashine zenye RAM iliyochomelewa kwenye ubao, kama GB 4 za DS920+, hizo hutaweza kuzitoa, lakini ile ya kuongeza unaweza.

Kisha betri ya saa, ile ya duara iliyoandikwa CR2032. Betri mpya husoma volti 3 na zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 2.7, ibadilishe. Itoe, subiri dakika tano mashine ikiwa haina umeme, weka mpya. Baadhi ya bodi zenye prosesa za Intel hukataa kuanza kwa sababu ya mipangilio iliyovurugika humo, na kutoa betri huifuta.

Sasa niseme juu ya ugonjwa wenye jina. Mwaka 2017 ilijulikana hadharani kwamba prosesa za Intel za familia ya Atom C2000 zina kasoro ya kuzaliwa: njia inayotoa mapigo ya saa ya LPC (mkondo wa mawasiliano ndani ya ubao) huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na siku ikikata, mashine haiwezi kusoma programu yake ya kuanzia. Synology za DS415+, DS1515+, DS1815+ na DS2415+ zina prosesa hiyo, na kampuni iliongeza muda wa dhamana kwa waliokumbwa. Dalili yake haina mbwembwe: mashine ilikuwa nzima jana, leo umeizima ukaiwasha, taa ya buluu inapepesa milele, feni zinazunguka, hakuna mlio. Baadhi ya QNAP zenye Celeron J1900, kama TS-453 Pro, zimepatwa na ugonjwa unaofanana.

Dhamana hizo zimeshapita. Mafundi hutumia rezista ya omu 100, wakaichomelea kati ya njia hiyo ya saa na volti 3.3 ili kuyainua mapigo yaliyonyong'onyea. Inafanya kazi. Lakini sehemu ya kuchomelea hutofautiana kwa kila modeli, na ukikosea mguu mmoja umeua ubao, kwa hiyo mpe fundi wa simu mwenye mkono mtulivu na mchoro wa modeli yako kamili. Halafu ukishaifufua namna hiyo, ihesabu kama gari la kukupeleka gereji tu: hamisha data, tafuta mashine nyingine.

Diski ndiyo inayozuia

Diski moja iliyokufa nusu inaweza kuikwamisha mashine nzima, maana mashine inaiuliza swali na diski hailijibu wala haikatai. Ili kumjua mkorofi, zipime diski nje ya NAS, moja baada ya nyingine. Utahitaji kompyuta yenye Linux, au flashi ya Ubuntu (aina ya Linux) unayoweza kuiwashia bila kuisakinisha, na kituo cha SATA kwenda USB chenye adapta yake. Vile viwaya vya USB vitupu haviwezi kubeba diski ya inchi 3.5.

Sakinisha smartmontools (programu ya kukagua afya ya diski), tafuta jina la diski kwa amri ya lsblk, kisha andika, ukiweka jina hilo mahali pa sdb:

sudo smartctl -a /dev/sdb

Kama kituo chako hakipitishi taarifa, ongeza -d sat. Angalia mistari minne. Namba 5 inahesabu sekta zilizokwisha kuhamishwa, 197 zinazosubiri hukumu, na 198 zilizoshindikana kusomeka. Hizi tatu zikiwa sifuri, diski ina uso mzuri. Namba 197 ikiwa na makumi au mamia, huyo ndiye mkorofi. Mstari wa nne ni 199, nao huhesabu makosa ya njiani: ukiwa mkubwa na wenzake wote ni sifuri, kagua viunganishi vya nafasi yake kabla ya kuihukumu diski. Diski isiyoonekana kabisa kwenye lsblk, au inayogonga kwa mdundo hata ikiwa na umeme wa kutosha, usiendelee kuiwasha.

Kitakachofuata kinategemea mpangilio wako. RAID 1, au SHR (RAID ya Synology wenyewe) ya diski mbili, huishi na diski moja. RAID 5 huvumilia kukosa moja tu. RAID 0 haivumilii chochote, na kama una RAID 0 bila nakala pembeni, sina la kukufariji. Ukiwa na nafasi ya kukosa moja, iache nje ile mbovu, rudisha nzima kila moja kwenye nafasi yake ya awali, uwashe. Mashine itaamka na kupiga kelele ya kukera kulalamikia upungufu. Zima kelele kwenye mipangilio, na kabla ya kununua diski ya kujazia nafasi, nakili data kwenye diski ya nje. Nasisitiza mpangilio huo kwa sababu kujenga upya kundi husoma kila kona ya diski zilizobaki, nazo zina umri uleule na zimefanya kazi ileile kama marehemu.

Kama diski mbovu bado inasomeka na huna nafasi ya kuikosa, inakili yote kwa programu ya ddrescue kwenda diski mpya yenye ukubwa sawa au zaidi:

sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc ramani.log

Ya kwanza ndiyo chanzo, ya pili ndiyo inayoandikwa juu. Ukizigeuza umefuta kila kitu, kwa hiyo soma namba za utambulisho za diski (serial number) kwenye lebo na kwenye skrini, mara mbili. Kisha nakala ndiyo inayoingia kwenye NAS, ile mbovu inapumzika kabatini.

Diski nzima, boksi zima, bado inakwama

Hali hii hutokea zaidi baada ya kusasisha au umeme kukatika katikati ya kusasisha. Synology huweka mfumo wake, DSM, katika sehemu ndogo mwanzoni mwa kila diski, nakala moja kwa kila diski, mbali na sehemu ya data. Sehemu hiyo ikiharibika au ikajaa kumbukumbu za matukio, mashine hushindwa kuanza ingawa data haina neno.

Hapa ndipo kile kitundu nilichokukataza kinapopata kazi. Mashine ikiwa inawaka, bonyeza kwa pini kwa sekunde kama 4 mpaka usikie mlio mmoja, achia. Hiyo peke yake hurudisha neno la siri la msimamizi na mipangilio ya mtandao. Ndani ya sekunde 10, bonyeza tena sekunde 4 mpaka milio mitatu, achia: mashine sasa itaomba kusakinishiwa DSM upya. Fungua find.synology.com na ufuate. Data kwenye diski hubaki, mipangilio mingi hupotea. Soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza, na ukiona onyo kwamba data yote kwenye diski itafutwa, simama hapohapo, umeingia njia isiyo yako. Kwenye QNAP muda na maana ya kubonyeza ni tofauti, usihamishe kanuni hii huko.

Waliojijengea NAS wenyewe kwa mifumo ya OpenMediaVault au TrueNAS wana nafuu hapa. Mfumo wao kwa kawaida unakaa kwenye flashi au SSD ya pembeni, na mara nyingi flashi ndiyo iliyokufa. Sakinisha mfumo kwenye nyingine, kisha kwa TrueNAS ingiza hazina ya diski iliyopo (pool) kwa chaguo la Import, usiunde mpya. Kwa OpenMediaVault, unganisha (mount) mfumo wa mafaili uliopo tayari kwenye diski, usifomati.

Boksi limekufa kweli

Una njia mbili. Rahisi ni kupata Synology nyingine, hata iliyotumika. Kabla ya kulipa, hakikisha modeli hiyo imo katika orodha ya kampuni ya zinazoweza kupokea diski kutoka modeli yako. Ingiza diski zote kwa mpangilio uleule mashine ikiwa imezimwa, iwashe, nayo itazitambua kuwa zimetoka kwenye mashine nyingine na kukupa chaguo la kuhama. Chagua kuhama huku ukihifadhi data. Diski za Synology ukizitia kwenye QNAP hazitasomwa, zitaombwa kufutwa.

Njia ya pili ni kuzisoma kwenye kompyuta, maana ndani yake kuna RAID ya kawaida ya Linux. Unganisha diski zote za kundi kwenye kompyuta yenye matundu ya SATA ya kutosha, washa Ubuntu kutoka kwenye flashi, kisha:

sudo apt install mdadm lvm2
sudo mdadm --assemble --scan --readonly
cat /proc/mdstat
sudo vgchange -ay
sudo lvs
sudo mount -o ro /dev/vg1/volume_1 /mnt

Jina la mwisho litatofautiana. lvs itakuonyesha la kwako, na kwenye SHR za zamani utakuta vg1000/lv. Kama lvs haina kitu, data inaweza kuwa moja kwa moja kwenye kifaa cha md, kile kikubwa kuliko vyote katika orodha. Ile ro ndiyo kinga yako: soma tu, usiandike. Folda zilizosimbwa hazitafunguka bila ufunguo wake. Na kama ulitumia mfumo wa mafaili wa Btrfs badala ya ext4, Ubuntu mpya inaweza kugoma kuifungua kwa sababu Synology wameifanyia marekebisho yao. Jaribu toleo la zamani kama 18.04 kabla ya kukata tamaa.

Mpangilio wa kunakili uanze na visivyorudi: picha za familia, hesabu, mikataba. Filamu zisubiri. Nakala ikikamilika, fungua mafaili kadhaa kutoka folda tofauti, hasa video ndefu, uziruke hadi mwisho uone zinacheza. Hapo ndipo diski za zamani zinaweza kuondolewa kwenye meza, na hata hivyo mimi huziweka kabatini zikiwa na namba zake kwa mwezi mzima.

Boksi lililopona lirudi kazini likiwa nyuma ya UPS, na waya wa USB wa UPS uchomekwe kwenye NAS, kisha huduma ya UPS iwashwe kwenye mipangilio. Bila waya huo mashine haitajua kwamba betri inakwisha, nayo itakatika ghafla vilevile, dakika kumi baadaye tu. Siku ya kuifunga, mjulishe kila mtu nyumbani, chomoa UPS ukutani, na simama pale uone kama inajizima yenyewe kwa utaratibu.